Mguu, Hedi na Fulaiwili

Hoja iliyo mezani: kipande cha mashine cha chuma cha kusubu, kile ambacho mafundi hukiita kasti, kikivunjika kichomelewe. Wapo wanaounga mkono na wapo wanaopinga. Yupo pia mwenye mali, ambaye hana haja na hoja wala mjadala. Anataka mashine yake iungurume.

Wasemaji wa hapa, yaani mwenye mashine, mchomeleaji kijana wa umeme, fundi mzee wa gesi, mhandisi, na fundi wa kalibu anayesubu vyuma, nimewatunga. Ubishi wao sikuutunga, maana upo katika kila karakana yenye mtungi wa gesi upande mmoja na mashine ya kuchomelea ya umeme upande wa pili. Nimewakutanisha Morogoro kwa sababu Morogoro ina mahindi, ina miwa na ina mafundi. Mbele yao, juu ya turubai, vimelazwa vipande vya injini moja ya dizeli ya silinda moja, aina ya Lister, ile yenye fulaiwili mbili nzito ubavuni, inayozungusha vinu vya kusaga nafaka vijijini. Lister zenyewe zilitoka Dursley, Uingereza, na uzalishaji wake ulikoma 1987. Nakala zake husubiwa Rajkot, India, na hii ni mojawapo.

Kipande cha kwanza ni bodi ya injini pamoja na mguu wake mmoja, uliokatika pale boliti ya msingi inapopita. Boliti ililegea, injini ikaendelea kusaga huku inarukaruka. Cha pili ni silinda hedi yenye ufa baina ya matundu ya vali: maji ya kupozea yalikwisha, injini ikachemka, mtu akaimwagia maji ya mtungini. Cha tatu ni fulaiwili. Ina mstari mwembamba kitovuni, ukianzia kwenye mfereji wa kabari, kwa sababu kabari ilipolegea ilipigwa nyundo mpaka ikakubali.

MWENYE MASHINE: Niseme mapema, sikuja kusomeshwa. Watu wanapita mbele ya mlango wangu na madebe kichwani kwenda kusaga kijiji cha pili. Mteja akishazoea njia nyingine harudi. Niambieni siku na bei.

MCHOMELEAJI: Shikamoo, mama. Mguu huo kesho jioni unaondoka nao. Hedi keshokutwa. Fulaiwili tuitazame kwanza.

FUNDI WA GESI: Kesho jioni! Kijana, umeahidi kuchomelea au umeahidi kupoza? Kuchomelea hata leo tunamaliza. Kupoa ndiko kunakotaka siku.

Msimamo wangu uko hapo kwa mzee, nisije nikajifanya mwamuzi asiye na upande. Kazi ya kasti huharibikia kwenye kupoa, na kupoa ndio muda ambao mteja hataki kuulipia na fundi anaona haya kuudai. Mengine yote, kijiti gani, gesi au umeme, nikeli au shaba, yana uzito wake, lakini nimeona yakibishaniwa kwa saa nzima na watu ambao mwishowe wanamwagia kipande maji ili mwenyewe awahi basi.

MWENYE MASHINE: Mbona geti langu lilichomelewa asubuhi nikalifunga mchana? Chuma ni chuma.

MHANDISI: Geti ni chuma laini, mama, kaboni yake haizidi robo ya asilimia. Hiki kina asilimia 3 hivi, na silikoni kama asilimia 2. Hebu pitisha kidole hapo kilipokatikia.

Anapitisha. Palipokatika pana rangi ya kijivu na chembechembe kubwa, na hapakupinda hata kidogo. Ukiurudisha mguu mahali pake unaingia barabara, kama haukuwahi kutoka. Kidole kinatoka cheusi.

MHANDISI: Weusi huo ndio wa penseli. Ni grafaiti. Kaboni iliyozidi imejitenga ndani ya chuma ikawa vipande bapa vidogo mno, vimetapakaa kila mahali. Kwa ajili yake kasti inakerezeka kirahisi, inameza mtikisiko, na inasuguana na pistoni miaka bila kulika upesi. Lakini kila kipande cha grafaiti ni ufa mdogo uliokuwemo tangu kiwandani. Ukivuta kasti ya kijivu inakatika kabla haijarefuka asilimia 1. Chuma cha geti kinarefuka asilimia 20 na zaidi ndipo kikatike.

MWENYE MASHINE: Na moto unaingiaje hapo?

MHANDISI: Chukua sentimita 10 za kasti uzipashe nyuzi 600. Zinarefuka milimita 0.6 hivi. Ikiwa umepasha hapo tu na pembeni kumebaki baridi, pakipoa panataka kurudi palipokuwa, na pembeni hakutoi nafasi. Kwa hiyo panavutwa kiasi kilekile, zaidi ya nusu milimita kwa sentimita 10, na uwezo wote wa kasti kuvutika hauzidi sana hapo. Ndiyo maana inapasuka wakati fundi ameshazima mashine na anakunywa chai.

FUNDI WA GESI: Inalia “ti!” Mara moja tu. Ukiisikia sauti hiyo unaacha kikombe.

MCHOMELEAJI: Mzee, hiyo ni kwa wanaochomelea kama wanajenga geti. Wanachukua vijiti vya kawaida, 6013, wanavuta mstari mrefu toka mwanzo hadi mwisho wa ufa, wanaona unang'aa wanafurahi.

MHANDISI: Na ubaya wa pili uko hapohapo. Stili ya kijiti inanyonya kaboni kutoka kwenye kasti inakuwa ngumu na inavunjika kirahisi. Na kasti yenyewe, pembeni ya weldi, imeyeyuka kidogo ikapoa haraka. Kaboni haikupata muda wa kujitenga tena kuwa grafaiti. Inabaki imefungamana na chuma. Panakuwa na utepe mweupe, mwembamba, mgumu.

MCHOMELEAJI: Huo naujua kwa mkono. Unatoboa, drili inashuka vizuri kwenye kasti, unga mweusi unatoka, halafu ghafla inaanza kulia na haisogei. Unabonyeza zaidi, ncha inaungua rangi ya buluu. Ukiona hivyo, pale ndipo pa kuvunjikia safari ijayo.

Kijana huyu ana kazi yake nzuri na ni haki aielezee, kwa sababu wengi wanaodai kuijua hufanya nusu yake. Anaanza kwa kuutafuta mkia wa ufa, ule usioonekana, na kutoboa tundu dogo mbele yake ili usiendelee kutembea. Anachimba mfereji wa V. Kijiti chake ni cha nikeli, chembamba, na ampea anaziweka chini kabisa ya pale ambapo mikono inamshawishi. Anachomelea sentimita 2 au 3, basi. Papo hapo, weldi ikiwa bado ina moto, anaigongagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo: inataka kunywea, yeye anaitanua. Kisha anangoja. Kipimo chake ni kiganja. Asipoweza kukiweka juu ya kasti akakiacha hapo, harudi kuchomelea. Mstari wa pili anaupeleka mbali na wa kwanza, na hivyo hivyo, akirukaruka mpaka mfereji ujae.

MWENYE MASHINE: Na hiyo nikeli ndiyo inayopandisha bei?

MCHOMELEAJI: Ndiyo, mama, ni ghali mara nyingi kuliko ya kawaida. Lakini nikeli haifungamani na kaboni ikawa ngumu. Kaboni inayoingia humo inajitenga kuwa grafaiti, na grafaiti inachukua nafasi, kwa hiyo weldi hainywei sana. Inabaki laini, inalika hata kwa tupa. Vipo vya nikeli karibu tupu, na vipo vya nusu nikeli nusu chuma, ambavyo ni imara zaidi kwa kipande kinene. Kwa mguu huu nitatumia hivyo vya nusu.

FUNDI WA GESI: Yote hayo ni kuizunguka shida. Mimi nikiletewa kasti naipasha yote. Najenga tanuri la matofali, natia mkaa, naipandisha polepole mpaka iwe nyekundu ya kufifia, nyuzi 600 hivi. Nachomelea kwa gesi na fimbo ya kasti yenyewe, pamoja na dawa yake. Ikiisha naifunika majivu makavu au chokaa, nailaza. Kesho yake, kama ni nene keshokutwa, ndiyo naifukua. Inapanuka yote, inanywea yote. Hakuna utepe mweupe, hakuna “ti!”. Na rangi ni moja, huoni palipoungwa.

MHANDISI: Mzee, hilo silipingi hata kidogo kwa kipande cha peke yake. Ila hiki ni bodi ya injini. Kina matundu ya beringi yaliyokerezwa yakae mstari mmoja, kina uso ambao juu yake silinda inakaa. Ukiipeleka nyuzi 600 kwenye mkaa, mguu utapona na bodi itapinda. Nani atakereza upya?

FUNDI WA GESI: Hapo umenishika, binti yangu.

MHANDISI: Kwa mguu huu, njia ya kijana.

FUNDI WA GESI: Sawa, lakini nina neno. Bodi hii imekunywa oili miaka yote. Kijana akiigusa tu na moto wa umeme, mapovu yatachemka na weldi itajaa vishimo. Aichome kwanza kwa gesi, taratibu, mpaka moshi ukatike. Apitishe mstari wa kwanza, ausage wote kwa grainda, apitishe mwingine, ausage, mpaka utoke safi. Na hata hapo mimi siuamini mguu unaobeba injini inayoruka ushikwe na weldi peke yake. Apande boliti.

Hapo naomba nafasi, kwa sababu ubishi wa boliti, weldi na kipande kipya uliwahi kuamuliwa mbele ya macho ya dunia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, meli nyingi za Wajerumani zilikimbilia bandari za Marekani, nchi iliyokuwa bado nje ya vita. Tarehe 6 Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani na kuzikamata. Ilipozikagua ilikuta mabaharia wamezivunja injini makusudi. Hawakupiga ovyo. Walilenga silinda za mvuke, ambazo zilikuwa za kasti, kubwa kiasi cha mtu kusimama ndani, na wakamegua mapande mazima. Tegemeo lao lilikuwa wazi: silinda kama hizo zitabidi zisubiwe upya, zikerezwe, zipandishwe melini, na kazi hiyo ingekula mwaka na zaidi. Wahandisi wengi wa upande wa pili nao hawakuona njia nyingine. Aliyekataa ni afisa mhandisi wa karakana ya jeshi la majini ya New York, E. P. Jessop. Yeye alishikilia kwamba zitachomelewa kwa umeme, pale pale zilipo, bila kuzitoa melini.

Namna walivyofanya ndiyo inayotuhusu. Palipotoka pande walitengeneza kiraka cha stili chenye umbo la pengo. Kwenye ukingo wa kasti wakatoboa matundu, wakakata hesi, wakapanda boliti fupi za stili mstari kwa mstari, vichwa vikibaki nje. Kisha wakajaza weldi kati ya boliti na kiraka. Weldi ikashikana na stili kwa stili, ambako haina matatizo, na kasti ikashikwa na hesi. Kabla 1917 haijaisha meli hizo zilikuwa zinavuka Atlantiki zimebeba askari wa Marekani kwenda kupigana na waliozijenga. Iliyoitwa Kaiser Wilhelm II ilitoka New York mwisho wa Oktoba mwaka huo kwa jina jipya, Agamemnon.

Nikiwafikiria mabaharia wale na nyundo zao huwakumbuka pia wenzao wa Kigoma. Julai 1916, mwaka mmoja tu kabla, Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito. Wale walitegemea kurudi. Hawakurudi, Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza tena safari ikiitwa Liemba. Injini iliyopakwa grisi haikuhitaji mjadala wowote wa kuchomelea.

MCHOMELEAJI: Si unaona, mzee? Umeme ulishinda.

FUNDI WA GESI: Boliti zilishinda. Umeme ulizifunika tu.

MHANDISI: Mimi nina mfano wa karibu zaidi. Nimefanya kazi kiwanda cha sukari. Rola za kukamulia miwa ni za kasti, na meno yake huwekewa vidonge vya weldi ili yaukamate muwa usiteleze. Mchomeleaji anafanya kazi hiyo rola ikizunguka, miwa inapita, na maji ya miwa yanatiririka humohumo. Hakuna kupasha, hakuna majivu, hakuna kiganja.

MCHOMELEAJI: Basi kumbe!

MHANDISI: Kidonge kikidondoka, anaweka kingine. Rola ni nzima na hakuna aliyeumia. Ndiyo maana mimi nikiletewa kasti swali langu la kwanza ni moja: weldi ikiachia, nani atakuwa amesimama karibu?

MWENYE MASHINE: Mguu ukiachia?

MHANDISI: Injini itatikisika, mshipi utatoka, mtazima. Hasara, lakini mtakula jioni. Kwa mguu, apande boliti, achomelee kwa nikeli, tukubaliane.

MWENYE MASHINE: Kesho jioni, basi.

MCHOMELEAJI: ... Ijumaa, mama. Kuchoma oili, kusaga, kupanda boliti, na kungoja kiganja. Kesho niliisema kwa mazoea.

MWENYE MASHINE: Kwa hiyo unanitoza siku ambazo umekaa umeweka mkono juu ya chuma?

FUNDI WA GESI: Hizo ndizo anazokutoza. Za kuchomelea ni kidogo.

Jibu hilo mteja hulipokea kwa shida, na simlaumu. Anayeona cheche anaelewa anacholipia. Anayeona mtu amekaa kwenye kigoda kando ya lundo la majivu anadhani anaibiwa. Fundi naye akiogopa kuonekana mvivu anafukua mapema, kipande kinaondoka kizima na kinapasukia njiani, na lawama inamwendea aliyeuza vijiti.

Hedi tuipite haraka, kwa sababu ubishi wake ulikuwa mrefu kuliko thamani yake.

FUNDI WA GESI: Hii naipiga shaba ya njano. Shaba inayeyuka chini ya nyuzi 900, kasti yenyewe haiyeyuki, kwa hiyo utepe mweupe haupo. Unasafisha kwa tupa, si kwa grainda, maana grainda inapaka grafaiti juu ya uso na shaba inakataa kushika. Ikishika, inashika kweli.

MHANDISI: Kwa bomba la maji, kwa kifuniko, kwa jino la gia inayokwenda polepole, ningekupa hata mimi. Lakini huu ufa upo kati ya vali ya kuingiza na ya kutolea moshi. Shaba ikifika nyuzi 300 hivi inaanza kulegea, na hapo pana moto huo kila siku, upande mmoja moto, upande wa pili maji. Na ukishapiga shaba hakuna kurudi: shaba iliyobaki kwenye kasti itaharibu weldi ya atakayekuja baada yako.

MCHOMELEAJI: Kushona je? Nimeona inafanyika. Unatoboa kufuata ufa, unaingiza boliti moja, unatoboa nyingine ikiila kidogo ile ya kwanza, mpaka ufa wote umekuwa mstari wa hesi. Moto hauguswi.

MHANDISI: Kwa injini ya meli au jenereta kubwa ambayo hedi yake haipatikani, ndivyo wanavyofanya, na kazi inadumu. Kwa hedi ya nakala ya Lister?

FUNDI WA KALIBU: Nimekaa kimya muda mrefu, niseme. Msinitazame mimi kwa hedi. Ndani ina njia za maji na njia za moshi. Zote zinataka viini vya mchanga vikae mahali pake sawasawa, na mimi tanuri langu ni la sufuria za mikate na vyuma vya mtaro. Spea zipo madukani. Mama anunue.

MWENYE MASHINE: Na nyote mmebishana kwa nini?

Hakuna aliyemjibu. Mafundi wanapenda kazi ngumu, na mara nyingine kazi ngumu hufanywa kwa sababu hiyo tu.

Ikabaki fulaiwili. Ni kubwa, watu wawili huibeba kwa kupokezana pumzi, na ufa wake hauonekani ila ukiigeuza juani.

MWENYE MASHINE: Hii ndiyo nyepesi, au siyo? Ufa wenyewe kama unywele. Jirani yangu wa kijiji cha pili yake ilichomelewa, na inasaga mpaka leo. Ndiko wanakokwenda wateja wangu.

MCHOMELEAJI: Mimi siigusi, mama.

MWENYE MASHINE: Wewe uliyesema hedi keshokutwa?

MCHOMELEAJI: Hedi ikiachia inavuja maji.

MHANDISI: Tupige hesabu. Injini hii inazunguka mara 650 kwa dakika. Fulaiwili ina kipenyo cha sentimita 60 hivi. Ukingo wake unakimbia mita 20 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Waliojenga mitambo ya mvuke walikuwa na mpaka wao kwa fulaiwili za kasti: ukingo usizidi maili 1 kwa dakika, mita 27 hivi kwa sekunde, na hapo walikuwa wanazungumzia kasti nzima. Nguvu inayotaka kuichana huenda kwa mraba wa kasi. Gavana ikikwama, injini ikapanda mpaka mizunguko 1,000, nguvu hiyo inazidi maradufu. Ile ya jirani inasaga, sikatai. Wateja wake wakisubiri unga wanakaa wapi?

MWENYE MASHINE: ... Mlangoni. Fulaiwili iko hapohapo mkabala, kwa ajili ya mshipi.

FUNDI WA GESI: Nitoe rai. Zamani kitovu kikipasuka kilivalishwa pete. Unakereza pete ya stili, tundu lake dogo kidogo kuliko kitovu, unaipasha mpaka itanuke, unaivisha, ikipoa inakibana. Kasti haichomelewi kabisa. Inabanwa, na kasti inapenda kubanwa. Kuvutwa ndiko isikokuweza.

MHANDISI: Rai nzuri, mzee, na ningeikubali kama ufa umeishia kitovuni. Tuutazame.

Kuutazama hakukuhitaji mashine. Kijana alipangusa kitovu kwa petroli mpaka kikakauka, akapaka mafuta ya taa kwa brashi, wakaacha yanywe. Kisha akafuta kwa kitambaa hadi pasibaki alama, akasugua chaki juu ya kitovu na kwenye mizizi ya spoku, akagonga ukingo taratibu kwa mpini wa nyundo. Chaki ilikuwa nyeupe. Kidogo kidogo mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakapanda, na mstari mweusi ukajichora wenyewe: kutoka kwenye mfereji wa kabari, ukapita unene wote wa kitovu, ukaingia kwenye spoku urefu wa kidole gumba.

FUNDI WA GESI: Pete haifiki huko.

MHANDISI: Haifiki.

MWENYE MASHINE: Sasa nawe bwana wa kalibu, fulaiwili haina njia za maji. Hii huwezi kuisubu?

FUNDI WA KALIBU: Umbo naliweza. Nikiipiga hii hii kwenye mchanga kuwa kielelezo, nitakayotoa itakuwa ndogo zaidi, maana kasti inanywea asilimia 1 hivi ikipoa; kwa hiyo ninachonga kielelezo cha mbao kikubwa kiasi hicho. Hilo si tatizo. Tatizo langu ni vyuma ninavyoyeyusha, ngoma za breki, bloku za injini, chochote kilicholetwa na mkokoteni. Ngoma moja ni nzuri, nyingine sijui ina nini. Kwa kitu kitakachozunguka mbele ya watu waliokaa mlangoni, siwezi kukupa neno langu. Tafuta fulaiwili ya injini iliyokufa. Injini hizi zinakufa pistoni na kranki, fulaiwili zinabaki.

MWENYE MASHINE: Basi nipakilieni hii nirudi nayo. Sikuleta chuma changu kukiacha kwa watu.

FUNDI WA GESI: Hiyo hairudi nzima, mama.

MWENYE MASHINE: Ni mali yangu, mzee.

FUNDI WA GESI: Ni mali yako, ndiyo. Ikirudi nzima, msimu huu itakaa nyuma ya nyumba. Msimu ujao utakuwa umebanwa, au mwanao atakuwa amebanwa, na atapatikana mtu wa kuupitishia ufa 6013 na kuupaka rangi juu. Sina uwezo wa kukuzuia. Naomba tu.

MWENYE MASHINE: Na hasara aibebe nani? Nyinyi wanne mmekubaliana vizuri sana kwa kitu ambacho hakuna mmoja wenu aliyekinunua.

MHANDISI: Hilo nalo ni kweli.

FUNDI WA KALIBU: Nitainunua mimi. Fulaiwili ni kasti nzuri kuyeyusha, nene, haina rangi wala mabati. Bei ya chakavu, kwa kilo, tuipime sasa hivi ukiona kwa macho.

MWENYE MASHINE: Kilo bei gani?

FUNDI WA KALIBU: Tutaelewana. Ila ivunjiwe hapahapa, mdomo wa tanuri langu hauipokei nzima. Kijana, lete nyundo kubwa, anza na hiyo spoku yenye chaki.